Usiifue: Thamani ya Nguo Iliyotoka Jukwaani

Jioni ya Septemba 6, 2023, kwenye jumba la mnada la Sotheby's, mtaa wa New Bond Street jijini London, joho jekundu na taji lake vilipata mnunuzi kwa pauni 635,000, ada ya mnada ikiwa ndani. Kwa viwango vya wakati ule ni karibu shilingi bilioni 2 za Tanzania. Wenye mnada walikuwa wamekisia pauni 60,000 hadi 80,000. Ukilikagua joho lile kwa jicho la fundi cherehani, huoni cha kukushtua: mahameli nyekundu, manyoya ya kiwandani, vito vya kioo. Taji nalo liliigwa kutoka lile la Mtakatifu Edward wanalovishwa wafalme wa Uingereza siku ya kutawazwa, ila hakuna almasi hata moja. Vyote bandia, isipokuwa mtu aliyevivaa.

Mtu huyo alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, Septemba 5, 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Baba yake, Bomi, alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu ya Zanzibar. Alipofika umri wa miaka 8 alipelekwa bweni India, Panchgani, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ilihamia Feltham, pembezoni mwa London. Huko ndiko dunia ilikokuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Wengi hapa kwetu wanayajua hayo. Pengine wachache wanajua kwamba kabla ya umaarufu, yeye na mpiga ngoma Roger Taylor walikuwa na kibanda Kensington Market wakiuza nguo kuukuu. Kwa lugha yetu, walikuwa wauza mitumba. Kijana aliyehitimu sanaa ya uchoraji na usanifu mwaka 1969 alikaa nyuma ya meza ya magauni na makoti ya watu waliokwishakufa, akijifunza kwa macho ni koti gani humgeuza mvaaji akawa mtu mwingine.

Joho lile la mnadani lilibuniwa na Diana Moseley mwaka 1986 kwa ajili ya ziara ya mwisho ya Queen wakiwa na Freddie. Alilivaa mwisho wa onyesho, wimbo wa taifa wa Uingereza ukipigwa, maelfu ya watu wamesimama mbele yake katika uwanja wa Wembley. Agosti 9 mwaka huo, pale Knebworth, aliimba na wenzake mbele ya hadhara kwa mara ya mwisho. Miaka mitano baadaye, Novemba 24, 1991, alifariki akiwa na miaka 45.

Nyumba yake na vilivyomo alimwachia Mary Austin, mwanamke aliyewahi kuwa mchumba wake na akabaki rafiki yake hadi mwisho. Kwa zaidi ya miaka 30 mama huyu aliishi ndani ya nyumba ile akiiacha ilivyokuwa. Makoti yalibaki kabatini, vikombe vikabaki rafuni, hata kichana kidogo cha fedha cha kuchania masharubu kikabaki. Mnada ulipokuja, kile kichana peke yake kiliuzwa zaidi ya pauni 150,000. Bangili ya fedha yenye umbo la nyoka, ile anayoonekana nayo kwenye video ya Bohemian Rhapsody, ilikisiwa pauni 7,000 hadi 9,000 ikaishia 698,500. Minada yote sita ya vitu vyake ilileta karibu pauni milioni 40, na sehemu ya fedha hizo ikaenda kwa mifuko miwili inayopambana na UKIMWI, ukiwamo ule ulioundwa kwa jina lake.

Haya mambo si ya matajiri wenye fedha za kuchezea tu, kama wengi wanavyodhani. Tunazungumzia namna watu wanavyoamua kipi kibaki na kipi kipotee baada ya mwanamuziki kuondoka. Sauti ya mwimbaji hunakiliwa mara milioni, na nakala ya milioni ni sawa na ya kwanza. Nguo iliyokwisha kuvaliwa jukwaani haina nakala. Shati alilolivaa usiku ule ni hilo moja, na mwili wake uliliachia alama ambazo hakuna kiwanda kinachoweza kuzirudisha.

Mfano unaoeleza jambo hili vizuri kuliko yote ni sweta kuukuu. Novemba 18, 1993, Kurt Cobain wa bendi ya Nirvana alirekodi onyesho la gitaa kavu la kituo cha MTV jijini New York akiwa amevaa sweta ya vifungo, rangi ya zeituni iliyochakaa. Lebo ndani inasema Manhattan. Uzi ni mchanganyiko wa akriliki, moheri na laikra, mchanganyiko wa bei poa ambao ungeukuta kwenye masoko ya mitumba ya Karume au Gikomba bila kugeuza shingo mara mbili. Kifungo kimoja hakipo. Kuna tundu la kuungua na sigara. Karibu na mfuko kuna doa lililokauka. Cobain alifariki Aprili 1994, na sweta ikaenda kwa mwanamke aliyewahi kumlea mtoto wa Cobain, akakaa nayo zaidi ya miaka 20. Mwaka 2015 iliuzwa mnadani dola 137,500. Oktoba 2019 iliuzwa tena, mara hii dola 334,000, na wauzaji hawakuficha kilichoipandisha bei: haikuwa imefuliwa tangu Cobain alipoivaa. Doa lipo, tundu lipo, kifungo bado hakipo.

Mama yeyote angeichukua sweta ile akaitia kwenye beseni, akashona kifungo, akaziba tundu kwa uzi wa rangi inayofanana. Angefanya hivyo kwa mapenzi, na kwa nusu saa angeifuta historia yote. Pengo la kifungo kile ni alama ya sweta ile. Ukikiweka kipya, umeondoa kitambulisho cha nguo.

Hapo ndipo ilipo kazi ngumu ya biashara hii. Kudai kwamba koti limevaliwa na fulani ni rahisi mno, kwa hiyo wakaguzi wamejenga ufundi wa kulinganisha nguo na picha. Wanachukua picha kubwa za onyesho, zenye tarehe na jina la mpiga picha, wanaziweka kando ya nguo na kuanza kutafuta kasoro. Kitambaa cha mistari au miraba kikikatwa, mistari hukutana kwenye mshono kwa namna yake. Fundi yuleyule akikata koti la pili kutoka jora lilelile, mistari haitakutana palepale. Nakshi za mkono ni vivyo hivyo: shanga moja imeinama, pengo dogo kati ya vito viwili, uzi uliovutwa zaidi upande wa kushoto. Kasoro nne au tano zikilingana na picha ya usiku mmoja, ubishi unapungua sana. Jambo hili linahitajika kwa sababu mastaa wengi hushonewa nguo moja nakala mbili au tatu. Koti jekundu la ngozi alilovaa Michael Jackson katika video ya Thriller, lililouzwa dola milioni 1.8 mwaka 2011, lilikuwa mojawapo ya makoti mawili aliyoyavaa katika video hiyo.

Jambo la pili ni mnyororo wa mikono. Nani alipewa, lini, akampa nani, kwa karatasi ipi. Glavu nyeupe ya Jackson ina historia nzuri kwa sababu mnyororo wake ni mfupi. Machi 25, 1983, ukumbi wa Pasadena, California, alicheza Billie Jean kwenye sherehe ya miaka 25 ya kampuni ya muziki ya Motown na watazamaji wakaona kwa mara ya kwanza mtindo wake wa kutembea kinyumenyume. Mkononi alikuwa na glavu ya kawaida ya wachezaji gofu, iliyoshonewa vito vidogo vya kioo kwa mkono. Mwanamuziki mmoja wa kundi la Commodores alimwomba saini. Jackson akampa glavu. Mwaka 2009, miezi michache baada ya kifo cha Jackson, iliuzwa dola 350,000 kabla ya ada, na mnunuzi akaipeleka kwenye hoteli huko Macau ionwe na wageni. Kutoka mkono wa mvaaji hadi kwa rafiki, kutoka kwa rafiki hadi mnadani. Hakuna mjomba wa jirani wa dereva katikati.

Katalogi za minada zina ngazi za maneno, na mnunuzi asiyezijua huumia. Kuna nguo iliyovaliwa jukwaani, siku na mahali pakitajwa. Kuna nguo iliyokuwa mali yake, ambayo huenda aliivaa nyumbani tu. Kuna iliyoshonwa kwa ajili yake, ambayo huenda hakuwahi hata kuijaribu. Na kuna ya mtindo uleule, ambayo haijawahi kumgusa. Yasome maneno hayo kama unavyosoma hati ya kiwanja, neno kwa neno.

Elvis Presley aliwarahisishia kazi baadhi ya wanunuzi na kuwachanganya wengine. Katika miaka ya 1970 alikuwa akivishwa skafu shingoni, anajifuta jasho, anamrushia mwanamke wa mbele, anavishwa nyingine. Skafu nyingi kila usiku, kwa miaka. Januari 14, 1973, mwisho wa onyesho la Hawaii lililorushwa kwa setilaiti, aliwarushia watazamaji hata joho lake lililonakshiwa tai. Ukiwa umekulia kwenye taarabu utaona jambo hapo. Kwetu, mtazamaji ndiye anayepanda jukwaani, anamtunza mwimbaji, anarudi kwenye kiti mikono mitupu na moyo umejaa. Kwa Elvis, zawadi ilishuka kutoka jukwaani kwenda ukumbini, na waliodaka wakaenda nayo nyumbani wakaitia sandukuni. Ndiyo maana leo skafu zake zimetapakaa kila mahali, za kweli na za uongo.

Kuipata nguo ni mwanzo tu. Jasho linaloipandisha bei ndilo linaloila. Chumvi na asidi za kwapani hudhoofisha hariri hadi inachanika kwa kuguswa, na nyuzi za dhahabu na fedha hupoteza mng'ao zikawa nyeusi. Plastiki laini zilizopendwa sana na wabunifu wa miaka ya 1960 na 1970 hutoa utomvu unaonata au kuvunjikavunjika. Makumbusho makubwa huiweka nguo ya namna hii kwenye mwanga hafifu usiozidi luksi 50, halafu baada ya miezi kadhaa huirudisha gizani ipumzike. Nguo nzito yenye shanga haitundikwi hata siku moja, maana uzito wake wenyewe utayapasua mabega. Hulazwa kwenye boksi pana, mikunjo ikijazwa karatasi laini isiyo na asidi.

Pwani yetu ina adui wake wa ziada, unyevu. Ukungu hauangalii jina la mwimbaji. Na tuna mazoea mazuri ambayo kwa nguo hizi ni hatari. Nguo ya sherehe hufukizwa udi kabla ya kurudishwa sandukuni. Moshi ule na mafuta yake hukaa kwenye nyuzi na kufunika kile kilichokuwapo. Vidonge vya kufukuza wadudu navyo mvuke wake huweza kulainisha vifungo na mapambo ya plastiki. Nguo ya pamba au sufu iliyoingiwa na wadudu, mradi haina ngozi wala shanga, inaweza kufungwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki na kuwekwa kwenye friza kwa wiki mbili. Baridi itawaua na mayai yao. Baadaye izungushiwe kitambaa cha amerikani, kile cheupe kisichotiwa rangi, kilichofuliwa mara kadhaa kwanza ili gundi ya kiwandani itoke.

Sasa, nani awe na nguo hizi? Maoni yangu yako wazi, na sitayapaka sukari. Kabla ya mnada wa Freddie, Sotheby's walivionyesha vitu vyake bure kwa mwezi mzima, na zaidi ya watu 140,000 walipanga foleni kuvitazama. Halafu nyundo ikagonga na vikatawanyika. Mary Austin alikuwa na haki yote ya kuuza, na aliyevitunza miaka 30 hawezi kulaumiwa na yeyote ambaye hakufanya hivyo hata siku moja. Lakini nasikitika kwamba makabati yale hayakwenda mahali pamoja. Shangani, Unguja, kuna makumbusho yenye jina lake, yaliyofunguliwa 2019. Mtoto wa mtaa wa Malindi, Unguja, anayepita pale akienda shule alistahili kuliona joho lile kwa macho yake, walau kwa mkopo wa miezi michache.

Mwimbaji David Bowie alifanya vingine. Alihifadhi nguo zake za jukwaani kwa mpangilio akiwa hai, pamoja na barua, michoro na daftari. Mwaka 2023 makumbusho ya V&A ya London yalitangaza kuipokea hazina hiyo, zaidi ya vitu 80,000, na Septemba 2025 kituo chake kilifunguliwa kwenye ghala jipya la makumbusho hayo mashariki mwa jiji. Huko mtu yeyote anaweza kuomba kitu fulani kitolewe akakitazame kwa karibu. Huna haja ya kuwa profesa wala milionea. Mshonaji kijana anaweza kuomba suti ya 1972 akaangalia jinsi bega lilivyokatwa. Nguo inaendelea kufanya kazi.

Na usidhani jambo hili linawezekana Ulaya peke yake. Lagos, nyumba ya mwanamuziki Fela Kuti huko Ikeja iligeuzwa makumbusho mwaka 2012. Chumba chake kimeachwa kilivyokuwa. Viatu vyake vimepangwa, mashati ya rangi kali yametundikwa, na hata chupi zipo ukutani, zile alizozoea kukaa nazo mbele ya waandishi wa habari. Hakuna kioo kinene wala mitambo kama ya London. Kuna familia na jiji vilivyokubaliana kwamba vitu hivi visigawanywe.

Kugawanywa ndilo neno la kwetu. Mwanamuziki akifariki, matanga yakaisha au arobaini ikapita, nguo za marehemu hutolewa. Koti kwa mdogo wake, viatu kwa mpwa, mashati kwa majirani, nyingine sadaka. Ni desturi ya huruma, na imevisha watu wengi. Lakini kwa desturi hiyohiyo, suruali ya bugaluu iliyotikisa ukumbi mwaka 1976 huishia shambani, ikilimiwa hadi magoti yatoboke. Sare za bendi zilikuwa na bahati mbaya zaidi, kwa kuwa kwa kawaida zilikuwa mali ya bendi. Mwanamuziki akihama, na tunajua jinsi wanamuziki wetu walivyohama, aliiacha sare, ikapunguzwa kiuno na kuvaliwa na mwingine.

Tazama majalada ya santuri za miaka ile. Vijana sita wamesimama mstari mmoja, kola ndefu, viatu vya raizoni vimewainua inchi nne kutoka ardhini, mashati yamekatwa kutoka jora moja. Kuna fundi aliyeketi nyuma ya cherehani akawapima wote sita. Sauti ya Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979 baada ya ajali ya gari Mombasa, tunaisikia redioni. Remmy Ongala aliondoka Desemba 2010, na daladala za Sinza bado zinashusha abiria kituo kinachoitwa kwa Remmy. Siti binti Saad tunaye kwenye santuri alizoanza kurekodi Bombay mwaka 1928, na tunaye katika wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert. Sauti tumeijali. Habari tumeziandika. Nguo tumeiona kuwa nguo tu.

Bado kuna masanduku ambayo hayajafunguliwa. Wajane wapo, watoto wapo, wacheza shoo wa zamani wapo, mafundi waliowashonea wapo na wengine bado wanashona. Kwa familia yenye sanduku la namna hiyo, desturi haihitaji kuvunjwa. Wagawe mashati yote, wabakize moja: lile linaloonekana kwenye picha. Lisifuliwe, lisipigwe pasi, lisizibwe tundu. Lipigwe picha mbele na nyuma, na kwa karibu pale penye doa, mshono na lebo. Kisha mzee wa bendi aliyebaki aitwe, aketi, aulizwe, na majibu yaandikwe kwa penseli, maana wino huvuja unyevu ukiingia: jina la mvaaji, bendi, ukumbi, mwaka, nani alishona na alikuwa na duka mtaa gani, nani amelihifadhi tangu hapo. Karatasi hiyo ikae na shati, nakala ikae nyumba nyingine.

Wakiamua kulipeleka makumbusho, waombe hati yenye namba ya usajili wa kitu hicho, na iandikwe wazi kama wametoa zawadi au wameweka amana. Amana ina tarehe ya kurudi, na tarehe hiyo iandikwe pia, ili wajukuu wakija kuuliza wajue pa kuanzia.